Majaribio ya dawa za saratani ya damu: watoto wa Ziwa Victoria walivyoifundisha dunia, na maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Neno "majaribio" linatisha. Mzazi aliyefika hospitali na mtoto mgonjwa akiambiwa kuna utafiti wa dawa na kwamba mtoto wake anaweza kuingia, wazo la kwanza humjia haraka: wanataka kumfanya mwanangu panya. Ndugu waliobaki nyumbani nao wanapiga simu, na kila mmoja ana lake la kusema.

Katika makala haya tunaeleza majaribio hayo ni nini hasa, kwa kutumia mifano ya saratani za damu na za tezi. Tumechagua saratani hizi kwa sababu historia yake inapita hapahapa kwetu: Kampala, Kisumu, Shirati, Mwanza. Baadhi ya dawa zinazotumika leo duniani kote zilithibitishwa kwa watoto waliozaliwa kando ya ziwa hili. Ni haki yetu kujua walichopitia, walichotuachia, na nini cha kuuliza siku fomu itakapowekwa mezani.

Saratani ya damu ni nini?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Huko hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu akijikata. Wakati mwingine chembe nyeupe moja huharibika na kuanza kuzaliana bila mpangilio. Hizo mbovu hujaa na kuzinyima nafasi chembe nzuri.

Uharibifu huo ukianzia kwenye uboho na kusambaa katika damu, ugonjwa huitwa lukemia. Ukianzia kwenye tezi, au ukijenga uvimbe, huitwa limfoma. Ipo pia mieloma, ambayo huwapata zaidi watu wazima na kula mifupa.

Dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyozoea, na hapo ndipo muda unapopotea. Homa isiyokoma hata baada ya dawa ya malaria. Upungufu wa damu unaorudi kila baada ya kuongezewa. Kutokwa damu kwenye fizi au puani. Madoa ya damu chini ya ngozi. Tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kinenani bila kuuma. Tumbo linalojaa kwa sababu bandama imevimba. Mtu mwenye dalili hizi si lazima awe na saratani. Lakini zikidumu wiki mbili, au zikirudi baada ya matibabu, anatakiwa kupimwa zaidi.

Uvimbe wa taya wa watoto wa kanda yetu

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt kutoka Ireland aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Haikuwa jipu wala jino. Muda mfupi baadaye aliona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo. Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa ule kwenye jarida la wapasuaji la Uingereza. Leo unajulikana kama limfoma ya Burkitt.

Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari la Ford. Walisafiri takriban wiki 10 na maili 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na ulipungua sana kwenye nyanda za juu. Katika nchi zetu za ikweta, mpaka wake ulikuwa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Maana yake, mwambao wote wa ziwa umo ndani ya ramani ile.

Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria, na watafiti wakaanza kushuku uhusiano. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliokuwa London walipata kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mmoja wetu anacho, maana huenea kwa mate tangu utotoni, na wengi hakiwafanyi lolote. Inavyoeleweka sasa, malaria ya mara kwa mara katika miaka ya mwanzo ya mtoto husumbua kinga ya mwili, kirusi kikapata mwanya, na chembe moja ikaharibika.

Uvimbe huu ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mara nyingi huanza kwa meno kulegea, taya kuvimba au jicho kutokeza. Kwa wengine huanzia tumboni. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, wavulana kuliko wasichana. Mzazi akisubiri mnada ujao auze mbuzi ndipo apate nauli, wiki mbili hizo zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zinahitajika.

Kampala: dawa zinajaribiwa

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona kisu hakisaidii. Mionzi haikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kutumia dawa mpya za saratani: methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini. Huko Nairobi, Peter Clifford naye alikuwa akifanya hivyohivyo. Kwa baadhi ya watoto, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, hata kwa dozi moja au mbili. Wengine walipona kabisa.

Hata hivyo, daktari mmoja kusimulia watoto waliopona haitoshi. Je, wangapi walipewa dawa na hawakupona? Je, dozi moja inatosha au zinahitajika sita? Waliorudi vijijini, bado wazima?

Ili kujibu maswali hayo, mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walifungua kituo cha matibabu ya limfoma pale Mulago. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler, daktari kijana kutoka Marekani, alikiongoza, na baadaye Charles Olweny wa Uganda akashika usukani, akaendelea na kazi katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin. Kwa mara ya kwanza katika eneo letu, wagonjwa wa saratani waligawanywa katika makundi kwa mpango maalumu, wakapewa matibabu yanayotofautiana, na wahudumu wakawafuata hadi vijijini kujua hali zao.

Walichojifunza kilikuwa kikubwa. Waliona kwamba saratani iliyosambaa inaweza kupona kwa dawa peke yake. Waliona kwamba kuchanganya dawa kunazuia ugonjwa kuzoea dawa moja. Waliona pia kwamba uvimbe ukirudi, mara nyingi hurudi kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, hivyo dawa lazima ichomwe na huko. Mtoto wa leo anayechomwa sindano ya mgongoni kwenye wodi ya saratani, iwe Mwanza au Ulaya, anafaidika na somo hilo. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa madaktari waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya dawa za saratani.

Majina ya watoto wale hayapo kwenye tuzo. Lakini bila wao na wazazi wao, tuzo isingekuwepo.

Mara Kaskazini: vidonge vya klorokwini

Jaribio la pili lilifanyika upande wetu wa mpaka. Katika Hospitali ya Shirati, mkoani Mara, Dk. Glen Brubaker na wenzake walikuwa wakihesabu watoto wenye limfoma ya Burkitt kwa miaka mingi. Swali lilikuwa hili: tukipunguza malaria, je, saratani hii nayo itapungua?

Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 wa Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni Tarime na Rorya, waligawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Mwanzoni malaria ilishuka. Saratani nayo ilishuka hadi chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 100,000 katika miaka ya 1980 na 1981. Ugawaji ulipokoma, ikapanda tena. Mwaka 1984 ilifika kama watoto saba kwa kila 100,000.

Ukisikia hivyo utasema jibu limepatikana. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Waliandika kwamba saratani ilikuwa imeanza kupungua kabla vidonge havijaanza kugawiwa. Pia klorokwini haikuendelea kuishusha malaria kama mwanzo, maana vimelea vilikuwa vinaizoea. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwa hiyo hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: dalili ya uhusiano ipo, uthibitisho kamili haupo.

Hapa kuna somo muhimu kuhusu majaribio. Utafiti wa kweli hauridhiki na jibu linalopendeza. Unauliza: je, kuna sababu nyingine? Miaka ya baadaye, utafiti mwingine mkubwa ulifanyika katika Uganda, Kenya na Tanzania, ukihusisha Hospitali ya Bugando na ile ya Shirati. Huo haukujaribu dawa. Ulilinganisha watoto wagonjwa na watoto wazima wa maeneo yaleyale, na matokeo yake yameongeza uzito wa ushahidi dhidi ya malaria. Chandarua unachomfungia mtoto usiku kinaweza kuwa kinamkinga na zaidi ya homa.

Dar es Salaam: wagonjwa 356

Miongo kadhaa baadaye, madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, wakiwemo na Profesa Twalib Ngoma, waliungana na wenzao wa Kenyatta mjini Nairobi na hospitali za Nigeria. Walitaka kujua kama mpango mmoja wa dawa, ulioandikwa wazi na kufuatwa na wote, unaweza kuponya watoto katika hospitali zetu zenye vifaa vichache.

Walitibu wagonjwa 356 wa limfoma ya Burkitt. Walianza na dawa tatu zilezile za zamani. Ambao hawakupona au waliorudiwa na ugonjwa walipewa dawa za mstari wa pili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: baada ya mwaka mmoja asilimia 67 walikuwa hai, na baada ya miaka miwili asilimia 62.

Katika nchi tajiri, karibu watoto tisa kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwa hiyo pengo bado lipo. Lakini asilimia 62 si hukumu ya kifo. Matokeo hayo yalipatikana kwa dawa za bei nafuu zinazofahamika, kwa sharti kwamba mtoto afike mapema na amalize dozi zote.

Jaribio la dawa linavyoendeshwa

Dawa mpya haianzi kwa mgonjwa. Huanza maabara, kisha kwa wanyama. Ikionekana inafaa, huingia kwa binadamu kwa hatua.

Hatua ya kwanza huhusisha watu wachache. Swali ni moja: dozi gani mwili unaweza kuivumilia? Hatua ya pili huongeza watu na kuuliza: je, ugonjwa unapungua? Hatua ya tatu huchukua mamia au maelfu, na kulinganisha dawa mpya na tiba bora iliyopo. Hatua ya nne hufuatilia dawa ikiwa tayari inatumika, kuona madhara yanayochelewa kujitokeza. Ukialikwa, uliza uko hatua ya ngapi. Matumaini na hatari za hatua ya kwanza si sawa na za hatua ya tatu.

Katika hatua ya tatu, mara nyingi hupigwa kura ya nani aingie kundi lipi. Wengi huona hili kama bahati nasibu juu ya maisha ya mtu. Sababu yake ni hii: daktari akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, kisha wakipona tukadhani ni dawa. Kura huondoa upendeleo. Na kura inaruhusiwa tu pale ambapo kwa kweli hakuna anayejua kundi lipi lina nafuu.

Je, kuna anayepewa kidonge kitupu? Katika saratani, si halali kumnyima mgonjwa tiba inayojulikana kumponya ili tu kumlinganisha. Kila kundi hupata angalau tiba bora iliyopo. Kidonge kitupu, kikitumika, huongezwa juu ya tiba hiyo.

Lukemia ya watoto inaonyesha njia hii inafika wapi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma kwa muda. Watoto wale hawakupona. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliopona walikuwa wachache mno. Hospitali ya St. Jude ya Memphis, chini ya Donald Pinkel, ikapanga majaribio moja baada ya jingine, kila moja likisahihisha la nyuma, na kufikia 1970 ikatangaza kwamba nusu ya watoto wanaweza kupona. Leo katika nchi tajiri wanapona karibu tisa kati ya 10. Hakukuwa na dawa moja ya ajabu. Dawa nyingi zilikuwa zilezile, zikapangwa vizuri zaidi.

Kwa watu wazima, mfano ni imatinibu, iitwayo pia Glivec, dawa ya lukemia sugu ya mailoidi. Katika jaribio lililoanza mwaka 2000, wagonjwa 1,106 waligawanywa makundi mawili: kidonge kipya, au sindano za zamani. Waliokuwa kwenye sindano waliruhusiwa kuhamia kidonge hali ikihitaji, na wengi walihama. Ugonjwa uliokuwa unaua kwa miaka michache umekuwa wa kuishi nao kwa kidonge cha kila siku. Kupitia mpango wa msaada, dawa hiyo ilitolewa bure katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Hata Mwanza majaribio si mageni. Katika Hospitali ya Bugando, watoto wenye selimundu walipimwa mishipa ya damu ya kichwa, na waliokuwa kwenye hatari ya kiharusi wakapewa haidroksiyurea. Dawa hiyo ilikuwa ikitumika kwanza kwa saratani ya damu. Na wasichana wa Mwanza ndio walioshiriki utafiti wa dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha.

Nani anamlinda mgonjwa?

Wasiwasi wa wazazi una msingi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya dawa ya nje ilijaribu dawa yake kwa watoto. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba ule ulikuwa utafiti. Kesi ziliendelea miaka mingi, hadi makubaliano ya fidia mwaka 2009.

Ili hayo yasitokee, Tanzania ina milango zaidi ya mmoja. Utafiti wa tiba lazima upitiwe na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo Mwanza. Jaribio la dawa lazima pia lipate kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Taasisi kama Bugando na chuo chake cha afya, CUHAS, zina kamati yao ya maadili. Kibali kina namba na tarehe, nawe una haki ya kuonyeshwa.

Juu ya hayo yote ipo ridhaa yako. Fomu lazima iwe katika lugha unayoielewa. Kama husomi, inasomwa mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, kisha unaweka dole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa. Nawe una haki ya kwenda nyumbani kushauriana na ukoo kabla ya kujibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Yaandike kwenye simu yako, au mwombe kijana wa nyumbani ayaandike.

1. Mnatafuta jibu la swali gani?
2. Nisipoingia, mgonjwa wangu atatibiwa kwa nini, na wapi?
3. Dawa hii imeshatumika kwa watu wangapi? Iko hatua ya ngapi?
4. Madhara yake ni yapi, na yakitokea usiku nikiwa kijijini nampigia nani?
5. Damu mtakayochukua ni kiasi gani, mara ngapi, na itapelekwa wapi?
6. Nani analipa dawa, vipimo, nauli na malazi? Akidhurika, nani anamtibu?
7. Utafiti ukiisha na dawa inamsaidia, ataendelea kuipata?
8. Nikitaka kutoka katikati, nifanyeje?
9. Matokeo mtatuletea lini?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote. Ukijibiwa kwamba usiposaini hutatibiwa kabisa, kuna tatizo. Kukataa hakumnyimi mgonjwa huduma ya kawaida, na kutoka katikati ni haki yako bila kutoa sababu. Ila usitoroke. Baadhi ya dawa za saratani haziachwi ghafla. Mwambie daktari ili akupangie njia salama ya kutoka.

Swali la saba nalo lisidharauliwe. Dawa ya kidonge cha kila siku ikikatika siku utafiti unapofungwa, mgonjwa anarudi alikotoka.

Yanayosemwa mitaani

"Wanauza damu." Vipimo vingi vya damu huchukua mililita chache. Kijiko cha chai ni mililita tano. Sampuli inaweza kusafirishwa nje ya nchi kwa vipimo, lakini kwa kibali, na fomu inatakiwa kusema hivyo wazi. Kama haisemi, uliza.

"Dawa za hospitali zinanyoa nywele na kuua." Nywele hutoka, kichefuchefu huwepo, na kinga hushuka kwa siku kadhaa baada ya kila dozi. Nywele huota tena. Hatari kubwa ni maambukizi. Mtoto aliye kwenye tiba hii akipata homa, usimpe panadoli ukalala. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

"Ni majini, au karogwa." Sala na dua haziingiliani na dripu. Kinachoua ni kuzunguka kwa waganga mwezi mzima huku uvimbe ukiongezeka.

"Kuna ua linalotibu saratani ya damu." Hapa pana ukweli nusu. Vinkristini hutoka kwenye ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi tumelipanda uani. Lakini majani yake yana sumu, na dawa yenyewe hupimwa kwa miligramu. Ukichemsha majani hujui kiasi unachonywa. Usimpe mgonjwa.

Ufanye nini leo?

Kwa familia nyingi za kanda hii, nafasi kubwa ya kupona haipo kwenye dawa mpya inayosubiri majaribio. Ipo kwenye zile zilizokwisha kuthibitishwa, nyingine kwa watoto wetu wenyewe. Kinachokosekana mara nyingi ni muda na nauli.

Ukiona taya la mtoto limevimba au meno yanalegea kabla ya wakati, usimng'oe jino na kusubiri. Nenda kituo cha afya na uombe rufaa. Hospitali ya Kanda ya Bugando, pale kilimani Mwanza, ndiyo ya rufaa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na ina idara ya saratani. Watakata kipande kidogo cha uvimbe au kuchukua uboho, kwa sababu bila kipimo hicho hakuna anayejua ni saratani ya aina gani na itibiwe vipi.

Ukifika, mtafute afisa ustawi wa jamii mapema, kabla fedha hazijaisha. Mweleze umetoka wapi, umeacha watoto wangapi nyumbani, na una nini mfukoni. Kwa watoto, uliza pia kuhusu mtandao wa Tumaini la Maisha, wenye makao Muhimbili, unaosaidia matibabu ya saratani za watoto.

La mwisho ni kumaliza dozi. Uvimbe ukiyeyuka baada ya sindano ya kwanza, mzazi huona mtoto kapona na kutamani kurudi shambani kabla mvua hazijaanza. Watoto wa Kampala walitufundisha, kwa gharama ya maisha yao, kwamba uvimbe unaweza kuyeyuka na ugonjwa ukabaki. Tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo dawa yenyewe. Kama nauli ya kurudi haipo, sema kabla hujaondoka wodini.